Mlango Usio na Bawabu

Leo, kwa vitabu vya kielektroniki, mtu aweza kuwa mwandishi kwa siku moja. Lakini kujichapishia si jambo geni kwetu. David Maillu, mzaliwa wa Kilungu, iliyokuwa zamani katika Wilaya ya Machakos, alianzisha Comb Books jijini Nairobi mwaka 1972, akachapisha vitabu vyake mwenyewe. *My Dear Bottle*, cha 1973, ni shairi refu la Kiingereza ambamo mlevi husema na chupa yake. Lugha ni nyepesi na kicheko kina uchungu. Ndiyo sababu kilipendwa. Hata hivyo maneno yamesongamana, mfano wa shamba lisilopaliliwa. Kijana msomaji, mhariri awezaye kukukataa ndiye awezaye kukusahihisha. Ukimpita, palilia mwenyewe.