Nafasi ya Kiwiko

Hapa Gatuanyaga sifa za ujenzi humwendea mwashi aliyesimamisha ukuta wa mawe ya Ndarugu ukanyooka. Anastahili. Mimi nataka kumsifu mwingine: yule anayepanga mabomba ndani ya kompyuta kabla hata moja halijanunuliwa. Kazi yake huishia juu ya dari, na ikiwa nzuri hakuna anayeiulizia.

Juu ya dari ya hospitali au kiwanda, Thika ama Ruiru, pamebanana. Mna maji safi, majitaka, mabomba ya kuzimia moto, mifereji ya bati ya kupitisha hewa, na nyaya. Kila mkandarasi akija na karatasi yake, aliyewahi ndiye hupita, na aliyechelewa hushika nyundo na tindo akaitoboa boriti. Boriti hiyo imebeba watu.

Mwaka 1975 Charles Eastman, aliyekuwa akifundisha Pittsburgh, Marekani, alipendekeza jengo zima lihifadhiwe kwenye kompyuta, kila kipande na vipimo vyake, badala ya rundo la michoro. Tangu 2016 Uingereza inadai modeli za namna hiyo katika miradi ya serikali kuu. Lakini programu ya modeli hutuonyesha tu kwamba vipande viwili vimegongana. Kipi kipishe, anajua fundi.

Majitaka hupewa njia kwanza, kwani yanategemea mteremko peke yake: kwa mteremko wa 1 kwa 40, bomba hushuka sentimita 25 katika kila mita 10. Mfereji wa hewa hufuata kwa unene wake. Maji ya pampu huweza kukata kona, basi yatangoja. Nyaya zitangoja zaidi. Bomba la chuma la maji baridi ya kiyoyozi, lenye kipenyo cha nje cha milimita 114, likivishwa koti la milimita 25 la kuzuia joto huwa 164, na asiyelihesabu koti atajuta siku ya kufunga dari. Kisha kuna spana, na kiwiko cha mtu atakayepanda ngazi miaka mingi baadaye kufunga valvu huku maji yakimwagika. Mchoraji hodari humwekea huyo nafasi tupu ndani ya modeli, pasipitishwe kitu. Hamjui wala hatamjua. Ukarimu huo ndio unaonifanya niiheshimu kazi hii.

Napenda kumwona kijana wa kompyuta ameketi na fundi wa mabomba kabla slabu haijamwagwa. Fundi anasogelea kioo, anasema spana haitazunguka pale. Valvu inasogezwa, na kazi inaendelea. Kutengeneza modeli kunadai mashine yenye nguvu, na mara nyingi leseni ya kulipiwa kila mwaka, mzigo mzito kwa mkandarasi mdogo. Kuisoma ni jambo jingine: zipo programu za bure za kuifungua, hata kwenye simu. Basi fundi aonyeshwe mapema, matundu ya mabomba yangali hayajapangwa kwenye zege.