Kazimoto na Macho ya Wenzake

Nimeisoma tena Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974), safari hii nikiwa nyumbani Bariadi, msimu wa pamba. Wahakiki wengi huiweka kwenye fungu la udhanaishi: Kazimoto, mwanafunzi wa chuo kikuu, anafikiri mno, anaona maisha hayana maana, mwishowe anajiua. Sawa. Lakini, ndugu msomaji, huko kujitazama aliko nako alikupata wapi? Hapo ndipo ninapogombana nao.

Mtu hajijui kwa kujifungia ndani. George Herbert Mead, ambaye mihadhara yake ilichapwa mwaka 1934 baada ya kufa kwake, alifundisha kwamba mtu hujitambua kwa kujitazama kwa macho ya wenzake. Wasukuma hawakumngoja Mead. "Ng'wana fulani", yaani mtoto wa fulani: jina linakutambulisha kwa kumtaja mwingine. Na baada ya mavuno, Bagika na Bagalu wanaposhindana ngoma, mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Manju hujipima hapo uwanjani, siyo chumbani.

Mimi, darasa la tatu, nilivishwa kibao shingoni kwa kuongea Kisukuma. Siku ile nilijitambua kweli, ila kwa aibu. Macho ya darasa zima yaliniambia kuwa lugha ya mama yangu ni kosa. Nikajifunza kunyamaza, nikasifiwa kuwa mtoto mwenye adabu!

Basi namwelewa Kazimoto. Shule ilimpa macho mapya, ikamnyang'anya ya zamani. Akirudi Ukerewe anawatazama watu wake kama mgeni. Kezilahabi analionyesha hilo vizuri sana. Ila kwa kuwa Kazimoto ndiye msimulizi, wanakijiji tunawaona kupitia yeye tu. Hiyo ndiyo nguvu ya riwaya, na ndilo pengo lake: inatushawishi kuwa ugonjwa umo kichwani mwa mtu mmoja.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Nyerere alionya kuwa shule za kikoloni ziliwatenga vijana na jamii yao. Miaka 7 baadaye Kezilahabi akatuonyesha maiti. Shamba la shule peke yake halitibu jambo hili. Mwalimu hana budi kujiuliza: mtoto huyu anajiona mtu mbele ya nani?

Mimi ningewapa wanafunzi zoezi moja tu: wachague sura ya Kichwamaji, waiandike upya, msimulizi awe mwanakijiji anayemtazama Kazimoto akishuka na sanduku lake. Na Kisukuma kikiwatoka kidogo, kibao kibaki kabatini.