Fahali Wawili Katika Zizi Moja

Mchezo wa kupigana ngumi una mengi ya kulaumiwa, wala sikusudii kuyaficha. Lakini leo nataka tulipime jambo moja ndani yake, maana lina mafunzo hata kwa mtu asiyependa kutazama watu wakiumizana. Jambo lenyewe ni hili: katika mabondia wa uzito wa juu, ndio wale wanaozidi ratili 200, ni kitu gani kimfanyacho mmoja wao kuwa bingwa wa haki? Je, ni karatasi ya baraza, au ni ushindi wake ulingoni?

Wahenga walinena kwamba fahali wawili hawakai zizi moja. Sisi wafugaji wa Usukuma hatuna haja ya kufafanuliwa methali hiyo. Walakini katika ndondi za siku hizi mafahali waweza kuwa wanne, kila mmoja na mkanda wake kiunoni, na kila mmoja akiitwa bingwa wa dunia. Sababu yake ni kwamba yako mabaraza manne. Kipo Chama cha Ndondi cha Dunia, kilichochukua jina hilo mwaka 1962. Lipo Baraza la Ndondi la Dunia, lililoundwa mwaka 1963. Kisha likaja Shirikisho la Kimataifa la mwaka 1983, na Shirika la Dunia la mwaka 1988. Kila moja hutoza sehemu ya malipo ya bondia anayepigania mkanda wake. Basi mwaona wenyewe: mikanda ikizidi, na ada huzidi. Atozaye ada kwa kila harusi hachoki kutafuta maharusi.

Tuchukue kisa kilichofikia kilele chake katika Afrika yetu. Muhammad Ali, ambaye zamani aliitwa Cassius Clay, alimshinda Sonny Liston mjini Miami Beach tarehe 25 Februari 1964, akawa bingwa. Mwezi wa Aprili mwaka 1967 alikataa kuingia katika jeshi la Marekani wakati wa vita ya Vietnam, kwa ajili ya dini yake na dhamiri yake. Wakubwa wa ndondi wa New York wakamnyang'anya ruhusa ya kupigana, na Chama cha Dunia kikamvua ubingwa. Hakuna mtu aliyempiga. Kiti kilitangazwa kuwa kitupu, hali mwenyewe yu hai na mzima.

Yaliyofuata yaonyesha udhaifu wa karatasi. Mwaka 1968 Joe Frazier alitambuliwa kuwa bingwa huko New York, na mwaka ule ule Jimmy Ellis akatambuliwa na Chama cha Dunia. Februari 1970 Frazier alimshinda Ellis, wakubwa wakadhani mambo yamekwisha. Lakini watu waliendelea kuuliza: Na Ali, je? Swali hilo halikuweza kujibiwa mezani. Lilijibiwa tarehe 8 Machi 1971, Frazier alipomshinda Ali kwa pointi baada ya raundi 15. Tangu usiku ule hapana aliyeweza kumwambia Frazier kwamba ubingwa wake ni wa kuazima. Tena kushindwa kwa Ali ndiko kulikoonyesha ya kuwa mpaka siku ile alikuwa bado na kitu cha kunyang'anywa, ingawa mabaraza yalisema hana.

Baada ya hapo ubingwa ulipita mkono kwa mkono mbele ya macho ya watu. Tarehe 22 Januari 1973, mjini Kingston, Jamaika, George Foreman alimwangusha Frazier mara sita katika raundi mbili. Naye Foreman akaja Kinshasa, katika nchi ya Kongo iliyokuwa ikiitwa Zaire, na kabla ya mapambazuko ya tarehe 30 Oktoba 1974 Ali akamwangusha katika raundi ya 8. Kila mmoja wao aliahidiwa dola milioni 5. Mobutu alitaka sifa ya nchi yake, na wafanya biashara walitaka faida. Lakini si Mobutu wala fedha zake zilizompa Ali taji. Alipewa na Foreman, aliyeshindwa kuinuka kwa wakati.

Sasa tulinganishe na Ken Norton. Februari 1978 Leon Spinks alimshinda Ali. Baraza la Dunia lilitaka Spinks apigane na Norton. Yeye akachagua kurudiana na Ali. Baraza likamvua mkanda, likampa Norton kwa sababu ya ushindi alioupata mwaka 1977, katika pambano ambalo siku ile halikuwa la ubingwa. Juni 1978 Norton akashindwa na Larry Holmes. Norton alikuwa bondia hodari kweli, hata aliwahi kumvunja Ali taya mwaka 1973. Lakini hakushinda pambano lo lote la ubingwa wa dunia. Baraza lilimpa mkanda, na kwa kumpa hivyo likamwachia shaka ambayo hakuistahili.

Hata juzi juzi mambo yamekuwa yale yale. Tarehe 18 Mei 2024, Oleksandr Usyk wa Ukraine alimshinda Tyson Fury mjini Riyadh, akaikusanya mikanda yote minne. Mwezi uliofuata akauachia mmoja, na Daniel Dubois akaitwa bingwa pasipo Usyk kushindwa. Ilibidi wakutane London, tarehe 19 Julai 2025, Usyk amshinde katika raundi ya 5, ndipo neno likawa moja tena.

Hapa kwetu Malampaka, na Usukumani kote, jambo hili halina ugeni. Wagika na Wagalu wanaposhindana ngoma baada ya mavuno, hucheza uwanja mmoja wakati mmoja, na watazamaji huenda wanakopendezwa. Penye watu wengi ndipo penye ushindi. Manju atakayeleta barua ya kusema kwamba ameshinda, hali uwanja wake ni mtupu, atachekwa hata na watoto.

Lakini yafaa nami nijipinge. Mtu aweza kusema: Kama ulingo peke yake watosha, bingwa akikataa kuingia ulingoni itakuwaje? Swali hili ni la haki. Mabingwa wa kwanza weupe, kama John L. Sullivan, walikataa kabisa kupigana na watu weusi kwa ajili ya ubingwa. Jack Johnson alilazimika kumfuata Tommy Burns mpaka Sydney, akamshinda tarehe 26 Desemba 1908. Hata hapo wengi hawakumkubali, wakamrudisha James Jeffries aliyekuwa amestaafu bila kushindwa. Tarehe 4 Julai 1910 Johnson akamshinda naye pia. Kwa hiyo bingwa anayemkimbia mshindani anayestahili ana taji nusu, hata kama hajaanguka kamwe. Na hapo ndipo penye kazi halali ya mabaraza: kumlazimisha bingwa apigane, na kushuhudia kwamba pambano lilikuwa la haki. Shahidi wa ndoa ni mtu wa lazima, lakini si yeye aoaye.

Tena ubingwa una mpaka wake. Februari 1980 serikali ya Marekani ilimtuma Ali mpaka Dar es Salaam, aishawishi Tanzania isiende kwenye michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakukubali kuonana naye, na wanamichezo wetu wakaenda. Heshima ya ulingoni haimfanyi mtu kuwa balozi, kama vile muhuri wa baraza usivyomfanya mtu kuwa bingwa.

Basi hukumu yangu ni hii. Bingwa wa haki ni yule aliyemshinda bingwa, au aliyewashinda walio bora ikiwa kiti ni kitupu kweli. Naye hawakimbii wanaomstahili. Watu hawa hulipa kwa miili yao. Ali aliishi na ugonjwa wa kutetemeka zaidi ya miaka 30, mpaka alipofariki tarehe 3 Juni 2016. Kitu kilichonunuliwa kwa bei hiyo kisigawiwe na watu walioketi mezani.