Herufi Moja

Nimewahi kuwa mhariri wa kijarida ambacho hakuna aliyelipwa kukiandika, na ilinichukua muda mrefu kutambua kwamba neno "kujitolea" laweza kugeuka kuwa kinga ya uvivu.

Mwaka 2005 tulikuwa watu watano. Kila mwezi tulitoa kurasa nane kuhusu programu huria, yaani zile programu za kompyuta ambazo maandishi yake yako wazi kwa yeyote kuyasoma, kuyarekebisha na kuyagawa. Mwenzetu mmoja akaleta maelezo ya namna ya kuweka mfumo wa Linux katika diski ya pili ya kompyuta bila kuigusa ya kwanza. Sikuyajaribu. Yalikuwa marefu, naye ameyaandika usiku baada ya kazi zake, kwa mapenzi yake tu; nikaona haya kumsumbua. Nilisahihisha vituo na herufi kubwa, nikapitisha. Kumbe katika amri moja, palipotakiwa hdb, aliandika hda. Mwalimu mmoja wa sekondari aliifuata amri ile kama ilivyo, na alama za wanafunzi wake za mwaka mzima zikafutika.

Barua yake ilikuwa fupi, haina tusi. Aliuliza tu kama kuna mtu aliyeyajaribu maelezo yale kabla ya kuchapwa.

Hapo nikatenda kosa la pili, ambalo kwangu ni baya kuliko la kwanza. Niliibadilisha ile herufi katika nakala tuliyoitunza, nikamwandikia mwalimu pole, na toleo lililofuata halikusema neno. Nilijiambia kwamba kulitaja kosa kungemvunja moyo mwenzetu, na mtu wa kujitolea akivunjika moyo harudi.

Siku hizo nilikuwa msomaji wa Linux Gazette, na mpaka leo ni jarida hilo linalonisuta. Lilianzishwa Marekani mwaka 1995 na John M. Fisk, na mwaka uliofuata likachukuliwa na kampuni ya SSC ya Seattle, iliyokuwa ikichapa Linux Journal. Waandishi wake walijitolea. Halikuwa jarida la kupendeza sana, tuseme kweli: makala mengine yaliandikwa kama orodha ya dukani, na vichekesho vyao vya kuchora vilihitaji uwe mtu wa ndani ndipo ucheke. Sehemu niliyoipenda ni ile ya maswali, The Answer Gang. Msomaji huuliza, mmoja hujibu, mwingine humsahihisha aliyejibu, na yote huchapwa. Ilichosha kusoma, maana jibu la mistari mitano lilikuja limezungukwa na ubishi wa kurasa tatu, na mara nyingi nilitamani mkasi. Lakini ulijua nani kasema nini, na nani kamkosoa. Sikumbuki kuona kwamba kukosolewa huko kuliwafukuza watu.

Mwaka 2003 SSC, ambayo ndiyo iliyokuwa ikilihifadhi jarida hilo kwenye mitambo yake, iliamua kuacha matoleo ya kila mwezi. Makala yangewekwa moja moja kadiri yanavyofika, bila mhariri kuyapitia. Ukiitazama kwa haraka, ni nafuu: kazi inapungua. Lakini wahariri wa kujitolea walikataa nafuu hiyo. Walijitenga, na kwa kuwa leseni ya makala iliruhusu kunakili, wakaendelea kutoa toleo la mwezi kwa jina lile lile mpaka mwaka 2011. Fikiria, msomaji: watu wasiolipwa hata senti wanagombea haki ya kuendelea kusahihisha kazi za wenzao! Nami nilikuwa nimeikimbia haki hiyo nikiwa nimeishika mkononi.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo sikulipima. Linux Gazette lilinakiliwa na kuhifadhiwa katika nchi nyingi, na watu wakalitafsiri. Toleo likishatoka hivyo halirudi. Kijarida chetu nacho, kwa udogo wake, kilipita katika disketi na karatasi za fotokopi, kutoka mkono hadi mkono. Herufi niliyoibadilisha kwa siri ilibadilika kwangu tu. Kwa wengine wote maelezo yalibaki yakielekeza kwenye diski ya kwanza, na njia pekee ya kuwafikia ilikuwa kutangaza kosa katika toleo jipya, ukurasa wa mbele.

Wapo watakaosema kwamba ukiweka masharti makali hutapata waandishi. Pengine. Sisi tulikuwa na sharti moja tu, kwamba makala yafike kabla ya tarehe 20, na bado tuliwapata wachache. Nilipokuja kuhariri tena, mahali pengine, niliomba jambo moja zaidi: kila amri ijaribiwe na mtu ambaye hakuiandika, kwenye kompyuta isiyo na kitu cha kupotea. Mwandishi mmoja alinuna na kuondoka. Wengine walianza kuandika kwa ufupi zaidi, kwa kuwa sasa walijua kuna mtu atakayekaa na kuifuata kila hatua yao.

Mwenzetu yule hakuwahi kujua kilichotokea. Mimi ndiye niliyeamua asijue. Toleo lile ninalo bado, la karatasi, lenye hda.