Toleo Jipya, Mgeni wa Zamani

Tarehe 5 Septemba 2021 kampuni ya Yandex ya Urusi ilirushiwa maombi milioni 21.8 kwa sekunde moja. Wengi tungedhani mzigo huo ulitoka kwenye seva za wataalamu wa uhalifu. Kumbe ulitoka kwenye ruta za kawaida, nyingi zikiwa za MikroTik, zilizotundikwa kwenye kuta za maduka, shule na nyumba za watu. Jeshi hilo la vifaa vilivyotekwa likaitwa Mēris. Waliolichunguza walikuta jambo la kushangaza: sehemu kubwa ya ruta hizo ilikuwa na programu ya karibuni. Zilikuwa zimesasishwa, na bado zilikuwa zinamtumikia mwizi.

MikroTik, kampuni ya Latvia inayotengeneza vifaa hivyo, ilieleza siku chache baadaye kwamba ruta hizo ni zilezile zilizotobolewa mwaka 2018. Tundu lilikwisha kuzibwa, lakini waliopitia hapo walikuwa wameshachukua nywila na kujiachia njia nyingine ya kurudi. Hicho ndicho kisa ninachotaka kukichambua, kwa sababu kinamgusa fundi wa Kitale kuliko kinavyomgusa mhandisi wa benki jijini Nairobi.

Ukipita Kipsongo, pembezoni mwa mji wa Kitale, au ukishika barabara ya Kiminini na Kamukuywa kuelekea Webuye hadi Bungoma, intaneti ya mtaani ni biashara ya saa na siku. Mteja anajiunga na Wi-Fi, ukurasa unafunguka, analipa kwa M-Pesa, anaingia. Nyuma ya ukurasa huo mara nyingi kuna kisanduku cha MikroTik kinachofanya kazi ya ruta, ya karani anayehesabu muda wa wateja, na ya faiawoli, zote kwa pamoja. Saiba nazo ziko hivyo hivyo. Humo watu wanajaza fomu za kodi za KRA, wanaingia eCitizen kutafuta huduma za serikali, wanatafuta nafasi za vyuo kwa KUCCPS, wanaacha nakala za vitambulisho kwenye kompyuta ya mwenye duka. Kisanduku hicho kikitekwa, mwizi amekaa mlangoni pa shughuli hizo zote, na mwenye duka ataona tu kwamba siku hizi mtandao ni mzito.

Turudi mwaka 2018. Mafundi wengi wa MikroTik hutumia Winbox, programu ndogo ya Windows inayozungumza na ruta kupitia poti 8291. Kuanzia toleo la 6.29 la RouterOS, mfumo unaoendesha ruta hizo, huduma hiyo ilikuwa na kosa: mtu yeyote aliyeweza kuifikia poti hiyo aliweza kuomba faili ya watumiaji kabla hata ya kuulizwa jina, na ruta ikampa. Nywila zilizomo zilifichwa kwa namna rahisi kufichuliwa. Basi mvamizi hakuhitaji kubahatisha wala kujaribu maneno elfu. Alipokea nywila halisi, kisha akaingia kama mwenye mali, na kwenye kumbukumbu za ruta akaonekana ni mwenye mali.

Kampuni ilitoa dawa tarehe 23 Aprili 2018 katika toleo la 6.42.1, na 6.40.8 kwa waliokuwa kwenye mkondo wa polepole wa matoleo. Kwa upande wa mtengenezaji, hiyo ilikuwa kazi ya haraka na ya kupongezwa. Kwa upande wa wenye vifaa, ikawa usingizi. Kufikia Agosti, makumi ya maelfu ya ruta za MikroTik nchini Brazili yalikuwa yakipachika msimbo wa Coinhive kwenye kurasa za wavuti, na kompyuta za wateja zikawa zinachimba sarafu za kidijitali kwa niaba ya mtu wasiyemjua. Oktoba mwaka huo mtu mmoja anayezungumza Kirusi alidai amejiingiza kwenye ruta zaidi ya 100,000 bila ruhusa na kuziwekea kanuni za faiawoli za kuzuia watu wa nje, akaacha ujumbe kwa wenyewe. Kwa maelezo yake, waliomjibu walikuwa kama hamsini tu, na wengi wao walimfokea. Sitetei alichofanya, ila hesabu hiyo inaonyesha ni wangapi wanaofungua vifaa vyao na kuvitazama.

Sasa, kwa nini kusasisha hakukutosha? Programu mpya ya RouterOS hubadilisha mfumo lakini huacha mipangilio kama ilivyoikuta. Hilo ni jambo jema, kwani hakuna fundi anayetaka kuandika upya vocha na anwani za wateja kila toleo likitoka. Lakini ruta haijui ni mpangilio upi uliwekwa na fundi na upi uliwekwa na mwizi. Yote inaitunza kwa uaminifu uleule. Ni sawa na kubadilisha mlango wa nyumba huku mwizi akiwa amelala chumba cha ndani na nakala ya ufunguo ikiwa mfukoni mwake, maana nywila ni ileile ya jana.

Kwa hiyo kazi inaanza kabla ya kubonyeza kitufe cha kusasisha. Fungua Winbox uende System, kisha Scheduler. Saiba ya kawaida haina sababu kubwa ya kuwa na chochote hapo, labda kazi moja ya kuizima na kuiwasha ruta alfajiri. Ukikuta mstari usioutambua, wenye neno fetch na anwani ya tovuti ngeni, unaojirudia kila baada ya dakika kadhaa, umempata mwizi. Mstari huo huenda kuchukua amri mpya kutoka nje na kuzitekeleza, na ndiyo maana ruta iliyosafishwa nusu hurudia ugonjwa wake usiku huohuo. Tazama pia Scripts. Tazama IP, Socks, kama huduma hiyo imewashwa na wewe hukuiwasha. Kwenye orodha ya interfaces angalia kama kuna kiungo cha L2TP kinachoitwa lvpn: jina hilo MikroTik yenyewe ililitaja katika kisa cha Mēris. Kwenye faiawoli angalia kanuni inayoruhusu poti 5678 kutoka nje, nayo ilitajwa. Mwisho fungua Users uhesabu majina. Mtumiaji asiyejulikana na mtu yeyote dukani hana kazi hapo.

Ukikuta lolote kati ya hayo, achana na kusasisha kwa kawaida. Tumia Netinstall. Unaunganisha kompyuta na poti ya kwanza ya ruta kwa kebo, unashikilia kitufe cha reset huku ukichomeka umeme, unasubiri kifaa kionekane kwenye programu ya Netinstall, kisha unakifuta chote na kukiwekea mfumo upya. Usirudishe faili ya akiba ya zamani nzima nzima, maana utamrudisha na mgeni. Andika mipangilio upya ukitazama maandishi ya zamani mstari kwa mstari. Inachosha, na mteja atalalamika kwamba asubuhi nzima hakuna mtandao. Sijaona njia ya mkato ya kuaminika.

Ikiwa kifaa ni safi, hatua inayofuata ni akiba, na hapa kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. Ruta hutoa akiba za aina mbili. Faili ya backup ni ya kurudishwa kwenye kifaa kilekile. Faili ya export ni maandishi unayoweza kuyasoma na kuyahamishia kifaa kingine. Chukua zote mbili. Kumbuka kwamba export haibebi nywila za watumiaji wa ruta wala vyeti vya usalama. Kumbuka pia kwamba katika toleo la 7 siri kama nywila za Wi-Fi hufichwa isipokuwa umeomba zionyeshwe, ilhali toleo la 6 lilikuwa likiziandika waziwazi. Faili ya namna hiyo ukiituma kwenye kundi la WhatsApp la mafundi ili usaidiwe, umewapa wote ufunguo.

Mtego wenyewe ni huu: kwenye ruta ndogo zenye saraka iitwayo flash, kama hAP lite, faili iliyoachwa nje ya saraka hiyo hukaa kwenye kumbukumbu ya muda tu. Ruta ikizimwa na kuwashwa, imepotea. Fundi anachukua akiba, anasasisha, ruta inawaka upya, mambo yanaharibika, anakwenda kutafuta akiba, hakuna kitu. Buruta faili hizo uziweke kwenye kompyuta kabla ya jambo lingine lolote. Kurasa za hotspot zenye nembo ya duka nazo ziwe ndani ya flash, la sivyo wateja watakaribishwa na ukurasa wa kiwandani.

Halafu stima. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu Kenya nzima ilikaa gizani, na Desemba mwaka huo ikarudia. Lakini fundi wa Kitale hahitaji giza la kitaifa ili aharibikiwe. Mvua ya mchana yenye radi inatosha. Umeme ukikatika wakati mfumo unaandikwa kwenye hifadhi, kifaa kinaweza kukataa kuwaka. Uzuri ni kwamba visanduku hivi havina tamaa ya umeme. hAP lite hula volti 5 kupitia tundu la micro USB, kwa hiyo pawabanki ya simu inaiweka hai. hEX ya zamani hukubali volti 8 hadi 30, kwa hiyo betri ya volti 12 inaifaa. Ihamishie kwanza kwenye betri, ndipo usasishe. Na usichague tarehe 30 Juni, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za KRA, wakati foleni ya saiba inafika barabarani.

Swali la mkondo gani wa matoleo wa kufuata lina ubishi wake. Wengi husema long-term, ule mkondo wa polepole, ndio salama kwa sababu haubadiliki ovyo, nami naelekea huko kwa kifaa kilicho mbali na fundi. Ila kuna kisa cha kutia shaka. Kosa la CVE-2023-30799, lililomwezesha mwenye akaunti ya msimamizi kujipandisha hadi kushika mfumo mzima, lilirekebishwa kwenye mkondo wa stable katika 6.49.7, Oktoba 2022. Waliokuwa long-term walisubiri 6.49.8, Julai 2023, baada ya watafiti wa VulnCheck kulipigia kelele. Miezi tisa. Kumbuka pia kwamba hadi toleo la 6.49 MikroTik nyingi zilitoka kiwandani na mtumiaji admin asiye na nywila, na wapo walioziacha hivyo hivyo. Basi mkondo wa polepole una maana kwa yule tu aliyeufunga mlango wa usimamizi.

Kusasisha kwenyewe ni kufupi: System, Packages, Check For Updates, pakua, subiri iwake. Kama duka halina mtandao, pakua faili ya npk kwingine ukihakikisha ni ya kichakataji husika, smips kwa hAP lite, mmips kwa hEX ya zamani. Ukikosea, ruta haitaiweka. Kinachosahaulika ni hatua ya pili. RouterBOOT, ile programu ya chini inayoamsha kifaa, ina toleo lake peke yake. Nenda System, Routerboard, linganisha Current na Upgrade, bonyeza Upgrade, kisha uwashe upya mara ya pili. Na anayefanya haya akiwa Bungoma kwa ruta iliyoko Kipsongo asidanganyike na Safe Mode: humrudishia mipangilio muunganisho ukikatika, lakini hairudishi toleo la mfumo. Awe na mtu pale anayeweza kuchomoa waya.

Baada ya hapo badilisha nywila, hata kama hukukuta mgeni. Kisha tazama mnyororo wa input kwenye faiawoli, ambao ndio unaolinda ruta yenyewe. Mafundi wengi wa saiba huhangaika na forward, wazuie kamari na filamu, huku input ikiwa wazi. Utasikia hoja kwamba watoa huduma wengi humweka mteja nyuma ya anwani ya pamoja, kwa hiyo mtu wa nje hawezi kuifikia ruta. Ni kweli nusu. Jirani aliye kwenye mtandao uleule wa mtoa huduma anaweza kuifikia. Kijana aliyelipia saa moja ya Wi-Fi anaweza pia, maana Winbox hugundua ruta ya karibu hata bila anwani ya IP. Ruhusu usimamizi kutoka kompyuta ya kaunta pekee, zima MAC Winbox upande wa hotspot, na kanuni ya kukataa mengine yote ikae chini kabisa, kwa kuwa ruta husoma kanuni kutoka juu na kusimama kwenye ya kwanza inayolingana.

Wanaouliza kama wahamie toleo la 7 huwa na hAP lite mkononi. Kifaa hicho kina RAM ya MB 32 na hifadhi ya MB 16. Toleo la 7 linaingia kwa kubanwa na hutembea kwa kuchechemea wateja wakizidi. Ningekiacha kwenye tawi la 6.49 lenye marekebisho ya mwisho, mlango wa input ukiwa umefungwa, huku nikikusanya pesa za hEX au kinachofanana nayo. Hata hEX ya zamani ina hifadhi ya MB 16 vilevile, kwa hiyo vifurushi vya ziada usivyovitumia viondolewe kabla ya kuhama, vinginevyo ruta itakuambia haina nafasi.