Wizzrobe na bei ya kuonekana

Katika gemu nyingi za upanga na ngao, mchawi ni mpiga mishale aliyevalishwa joho. Husimama mbali, hurusha moto badala ya mshale, mchezaji humkimbilia na kumkata, kazi ikaisha. Ukimnyang'anya fimbo ukampa upinde, pambano halibadiliki hata kidogo. Wizzrobe, mchawi wa mfululizo wa The Legend of Zelda wa kampuni ya Nintendo, ni wa aina nyingine, na ndiyo maana anastahili kuchambuliwa kifundi. Amekuwemo tangu gemu ya kwanza ya mwaka 1986, amekosekana katika matoleo kadhaa, kisha amerudi na sura mpya kila mara, lakini aliyewahi kupigana naye humtambua papo hapo. Kinachomtambulisha si joho wala moto wake. Ameundwa juu ya mapatano ya pande mbili: anamnyang'anya mchezaji kitu kimoja ambacho gemu yenyewe ilimzoesha kukitegemea, halafu anakilipia kwa kujianika kwa muda mfupi. Wabunifu walipozitunza pande zote mbili, Wizzrobe alikuwa miongoni mwa maadui waliofikiriwa vizuri zaidi katika mfululizo wote. Upande mmoja ulipolegea, akawa kero au pambo.

Tuanze na gemu ya kwanza, iliyotoka Japani Februari 1986 kwa kifaa cha diski cha mashine ya Famicom, chini ya uongozi wa Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka. Humo Link, shujaa anayeongozwa na mchezaji, hutembea pande nne tu, na upanga wake huchoma mbele, haufyeki. Kila chumba cha ngome ni skrini moja iliyopangwa matofali kwa mistari. Kadiri anavyocheza, mchezaji hujifunza kukisoma chumba kwa mistari hiyo: adui aliye kwenye mstari wake ni hatari, asiye kwenye mstari anaweza kungoja, na tofali lililo kati yao ni kinga. Wizzrobe wa rangi ya machungwa anauvuruga usomaji huo wote. Hatembei. Anatokea kwenye mstari wa Link, anarusha pigo lake, anafifia, anaibukia kwingine. Umbali ambao mchezaji aliujenga hatua kwa hatua unafutwa. Lakini tazama anavyolipa: kabla ya kurusha humemeteka, na anapokamilika umbo ili arushe, hapo ndipo upanga unapoweza kumwingia. Hawezi kudhuru akiwa hayupo. Kutisha na kujianika vimefungwa katika tendo moja, na mchezaji aliyekwisha kuelewa hivyo haachi kuogopa, ila sasa anajua angoje nini.

Pingamizi la haraka ni ndugu yake wa buluu, ambaye wachezaji wengi wa zamani humtaja kwanza wakiulizwa ni adui gani aliwatesa katika gemu ile. Huyu hatoweki kwa zamu. Anazunguka chumbani, anapita ndani ya matofali kana kwamba hayapo, na akijikuta kwenye mstari mmoja na Link anarusha mfululizo. Je, analipa nini? Analipa kidogo, lakini analipa. Muda mwingi anaonekana na anaweza kupigwa, na kwa kuwa hurusha akiwa kwenye mstari tu, mshazari hubaki mahali pa usalama. Alichokichukua ni tofali, ile kinga ya mchezaji. Mstari wenyewe aliuacha. Nakubali kwamba bei yake ni ya chini kuliko ya mwenzake, na wakikusanyika watatu au wanne pamoja na wale wa machungwa, mshazari wa mmoja ni mstari wa mwingine. Ugumu huo haukutokana na uzembe, maana ukitazama wamewekwa pamoja na nani utaona mkono wa mtu aliyejua anachokifanya.

Katika ngome ya 6 na ya 9 Wizzrobe huchanganywa na maadui wawili ambao peke yao si kitu. Mmoja ni Like Like, dude laini liendalo polepole, ambalo likimmeza Link humla ngao kubwa. Mwingine ni Bubble, kifuvu kinachorandaranda, ambacho kikimgusa Link humnyima upanga kwa muda. Sasa weka mambo sawa. Ngao ndogo ya mwanzoni haizuii uchawi wa Wizzrobe. Ngao kubwa huuzuia, mradi Link ameuelekea na hapigi upanga wakati huo. Ngao hiyo hununuliwa dukani kwa rupia 90, 130 au 160 kutegemea duka, kwa hiyo mchezaji ameitolea jasho. Kwa hiyo chumba kimoja kina mchawi anayedai ngao, dude linalokula ngao, na kifuvu kinachozima jibu kuu lililobaki, yaani upanga. Hakuna kati ya hao watatu aliye na akili ya kupanga njama na wenzake. Njama imepangwa na aliyewaweka pamoja. Na zawadi inayofichwa katika ngome hiyo ya 6 ni fimbo ya uchawi inayorusha pigo lile lile la Wizzrobe. Mchezaji anayeitoa humo ametoka na silaha ya adui wake, akiwa amefundishwa kwa maumivu mstari wa pigo hilo unavyokwenda.

Kuna watakaosema hapa ninawapa wabunifu sifa ambayo ni ya mashine. Toleo la kaseti lililouzwa Marekani mwaka 1987 lilikuwa na kilobaiti 128 tu. Adui anayetoweka hahitaji picha nyingi za kutembea, wala hesabu ya kutafuta njia ya kuzunguka matofali. Ni nafuu kwa kumbukumbu na kwa prosesa. Hoja hiyo ni ya kweli kuhusu chanzo, lakini haielezi kuendelea. Unafuu ungekuwa sababu pekee, Wizzrobe angekufa pale mashine zilipopata nguvu ya kuchora lolote. Hakufa. Tena, unafuu ungetosha kueleza kutoweka, lakini si kumemeteka kabla ya kurusha. Onyo hilo halimpunguzii prosesa kazi yoyote. Limewekwa kwa ajili ya mchezaji.

Dhana yangu inapimwa vizuri zaidi na A Link to the Past ya 1991, ambako Wizzrobe yumo na ni dhaifu. Katika ngome ya Misery Mire anafanya yale yale ya mwanzo: anatokea, anarusha, anafifia. Kilichobadilika ni Link. Sasa anatembea pande nane, na upanga wake unafyeka nusu duara mbele yake. Mstari haukuwa tena sheria ya chumba, hivyo adui anayeuteka mstari anateka kitu ambacho mchezaji hakitegemei sana. Anaendelea kulipa bei ile ile, lakini alichochukua kimeshuka thamani. Kasi yake, picha yake na hata kelele zake zilikuwa bora kuliko za 1986, na bado wachezaji humpita bila kumkumbuka. Sikumbuki mfano mwingine ndani ya mfululizo huu unaoonyesha wazi kiasi hicho kwamba adui hapimwi peke yake, bali dhidi ya uwezo wa yule anayepigana naye.

Gemu zilipohamia kwenye umbo la pande tatu, mchezaji alipewa tegemeo jipya. Ocarina of Time ya 1998 ilileta kitufe cha kumfungia adui mmoja macho: ukikibana, kamera na mwili wa Link humfuata huyo huyo. Wizzrobe hakuwemo. Aliporudi katika Majora's Mask mwaka 2000, alikuja kama bosi mdogo, na safari hii alichoteka ni kitufe hicho. Kila akitoweka, kamera inabaki bila mtu wa kumfuata na mchezaji anageuka huku na huku katika chumba kizima. Hatari ya usanifu wa namna hii ni kubwa, kwa sababu kutafuta adui nyuma ya mgongo katika pande tatu kunachosha upesi. Wabunifu walilijibu hilo kwa kumwekea mchawi vibao maalumu sakafuni: hatokei popote apendapo, hutokea juu ya kimojawapo. Utafutaji ukageuka kuwa uchaguzi kati ya sehemu chache. Pambano linapokolea anajizidisha kwa nakala za uongo, na mchezaji anayebana kitufe bila kufikiri anaweza kujikuta amekifungia kivuli. Kibao ndiyo bei yake, na bila kibao pambano lile lingekuwa kizunguzungu.

The Wind Waker ya 2002 ilimpa mwili wa ndege mwenye mdomo mkubwa kama wa hondohondo, na hapo wengi huishia kuzungumzia sura. Jambo zito zaidi ni kwamba baadhi yao waliacha kurusha na wakaanza kuita. Katika Hekalu la Upepo, Wizzrobe anayelinda ndoano ya mnyororo huwaleta maadui wengine chumbani. Kwa miaka mingi mfululizo huu ulikuwa umemfundisha mchezaji kuhesabu: ukiwamaliza waliomo, mlango unafunguka. Mwitaji anaiteka hesabu hiyo. Ukipoteza muda na waliokwisha kuitwa, idadi inapanda. Ukimkimbilia yeye, unawapa mgongo wale. Na bei? Akiita husimama wima akizungusha fimbo, akiwa wazi kwa mshale. Binafsi namhesabu huyu kuwa Wizzrobe bora kuliko wote, kwa sababu anamlazimisha mchezaji kuamua na si kuwa na vidole vyepesi tu.

Breath of the Wild, iliyotoka Machi 2017, ndiyo kesi ngumu, na nisingependa kuilainisha. Kuna aina sita. Watatu ni wa kawaida: wa moto, wa barafu na wa umeme, wenye nguvu ya uhai 150 kila mmoja. Hurukaruka hewani wakicheka, hutoweka, na hata wakiwa hawaonekani huacha viduara hewani kama juu ya maji, ambavyo macho makini huvifuata. Onyo hilo ni la kupendeza. Ila mshale mmoja wa barafu humwua mara moja yule wa moto, na wa moto humwua yule wa barafu. Mtu anaweza kupinga hapa: si ndiyo malipo yenyewe, kwamba anayejua kinyume cha kila kitu hulipwa kwa ujuzi wake? Ningekubali kama angekuwa amechukua kitu. Tatizo lake si kufa upesi. Tatizo ni uwanda. Kutoweka kulikuwa na uzito ndani ya chumba kilichofungwa, ambako mchezaji hawezi kuondoka. Mbugani, adui akitoweka, Link anapanda farasi na kuendelea na safari. Hawa watatu wanalipa bila kuwa wamekopa.

Watatu wengine, walio wa ngazi ya juu na wenye nguvu ya uhai 300, wanarekebisha kosa hilo kwa wazo moja zuri sana: wanabadilisha hali ya hewa. Mmoja huleta joto, mwingine kipupwe cha theluji, wa tatu mvua ya radi. Katika gemu hii hali ya hewa inatawala kila kitu. Baridi humla Link uhai kama hana nguo nzito, na radi humpiga akiwa amebeba chuma. Kwa hiyo mchawi wa radi akianza kucheza, mchezaji anafungua mfuko na kuvua upanga na ngao yake ya chuma kwa mkono wake mwenyewe. Hapa ndipo ninapomwona Like Like na Bubble wa 1986 wamerudi, ila safari hii kazi ya watatu inafanywa na adui mmoja. Na hali ya hewa inafanya kazi ya kuta: haitoshi kumkimbia, kwa sababu mbingu juu ya eneo lile imekuwa yake. Akifa, anga linatulia, na fimbo yake inabaki chini kwa anayeitaka, kama ile ya ngome ya 6.

Kisha katika Tears of the Kingdom ya 2023 hayumo. Fimbo zimebaki: Link hupata fimbo tupu na kuiunganisha na jiwe, yakuti nyekundu kwa moto, yakuti samawi kwa barafu, topazi kwa umeme. Sababu ninayoiona ni ya kifundi. Katika gemu hiyo Link hupenya dari na kuibukia juu yake, hurudisha nyuma mwendo wa kitu kilichokwisha kurushwa, na huunganisha chochote na chochote. Kupita kwenye mawe, kuibuka pasipotarajiwa, kubadilisha kanuni za mahali, yote yaliyokuwa ya Wizzrobe yamehamia mikononi mwa mchezaji. Kumrudisha kwa kumpa moto mkubwa zaidi kungezaa tena udhaifu wa 1991. Atakayetaka kumrudisha itabidi kwanza atafute tegemeo ambalo mchezaji wa namna hiyo bado analo, pengine ule uhakika kwamba alichokiunganisha hakitafunguka, au kwamba alichokirudisha nyuma ni chake hadi akiachie, na ndipo aamue mchawi ataonekana kwa muda gani ili akilipie.