Kuusemesha Mshale

Geji iliyo mezani kwangu ina uso wa mraba usiozidi kiganja, na mwili unaokwenda nyuma kama shubiri moja. Ni nyeusi, na ukiinyanyua unashtuka kwa uzito wake. Usoni kuna kadi ya dira na mishale miwili ya kuelekeza kwenye vituo vya redio vya ardhini. Nyuma kuna plagi ya duara iliyojaa pini nyembamba. Zamani ilikaa mbele ya rubani wa ndege ya abiria. Ndege ikastaafu, ikavunjwa, nayo geji ikauzwa kama kipuri cha gari lililokufa.

Ndege zina makaburi yake. Huko Marekani nyingi hupelekwa jangwani, kama Mojave kule California, kwa sababu hewa kavu haili chuma. Uingereza wengi wanaujua uwanja wa Kemble. Injini hufunguliwa mapema, maana ndizo zenye pesa. Vifaa vya chumba cha rubani visivyofaa tena kurukia huuzwa kwa yeyote, na miongoni mwa wanunuzi wamo watu waliojijengea simuleta nyumbani: kiti, skrini, kompyuta yenye programu kama X-Plane, na kiu ya kushika kitu halisi.

Kiu hiyo naiheshimu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, marubani wa ndege za mabomu za B-17 walikuwa wanatua salama, kisha badala ya kurudisha flapu za mabawa wanakunja magurudumu, na ndege inalala kwa tumbo. Mwanasaikolojia Alphonse Chapanis aliona kwamba swichi za vitu hivyo viwili zilifanana na kupakana. Akataka ile ya magurudumu iwe na kishikio cha umbo la gurudumu, na ya flapu iwe na umbo la bawa. Mpaka leo maumbo hayo yamo kwenye ndege za abiria, na mkono wa rubani huyatambua gizani. Kioo cha skrini hakiwezi kuufundisha mkono jambo hilo.

Shida ni kwamba geji ya zamani haijui lugha ya kompyuta. Nyuma ya kila mshale kuna kijimota kiitwacho sinkro: koili moja ya kati inayozunguka, na nyingine tatu zinazoikabili, zikiwa zimepishana kwa nyuzi 120. Koili ya kati hupewa umeme wa volti 26 wenye masafa ya hezi 400. Zile tatu hupewa volti zinazotofautiana, na uwiano wa volti hizo ndio unaouambia mshale usimame wapi. Wahandisi walichagua hezi 400 kwa sababu kwa masafa hayo transfoma na mota zinakuwa ndogo na nyepesi, na angani kila kilo ina gharama. Umeme wa nyumbani kwetu ni hezi 50. Ukiilisha koili hiyo volti zilezile kwa hezi 50, inavuta mkondo kupita kiasi na kuungua. Geji yangu ya kwanza niliipoteza hivyo, na harufu ya vanishi iliyoungua ilikaa chumbani siku mbili.

Wako wanaoitumbua geji kama samaki: wanatupa koili, wanaingiza mota ndogo ya kisasa, na ndani ya saa chache mshale unazunguka. Kwa geji iliyokwisha kufa sina ugomvi nao. Kwa geji nzima, naona ni kuiua mara ya pili. Kompyuta ndiyo inayoweza kujifunza. Basi na ijifunze yenyewe.

Mchoro wa nyaya mara nyingi haupatikani, kwa hiyo unashika mita na kupima pini kwa pini, ukiandika. Pini tatu zinazosomana sawa, uzipime vyovyote, ndizo za koili tatu. Jozi inayosoma kivyake ni ya koili ya kati. Umeme wa hezi 400 mimi naupata kwa amplifaya ya muziki: kompyuta inatoa mlio, amplifaya inaukuza, transfoma inaupandisha hadi volti 26. Kisha kibao kidogo cha saketi kinakokotoa sini ya pembe inayotakiwa na kuzigawia nyaya tatu za koili haki yake kila moja.

Usiku nilipowasha, nilisikia mvumo mwembamba kama wa mbu kabla sijaona chochote. Mshale ukatetema, ukazunguka, ukapita kidogo pale ulipotakiwa, ukarudi, ukatulia. Kule kupitiliza na kurudi ndiko nilikokuwa nakutafuta. Hakuna aliyekuandika kwenye programu. Kunatokana na uzito wa mshale wenyewe.

Kazi hii ina ukoo. Edwin Link wa Binghamton, New York, alifanya kazi katika kiwanda cha baba yake cha piano na vinanda vya upepo. Alipotengeneza mashine ya kufundishia urubani, aliyoikamilisha 1929, aliinamisha na kuiinua kwa mivukuto na pampu za vinanda. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilinunua sita. Simuleta imezaliwa mikononi mwa mtu aliyekipa kifaa cha kazi moja kazi ya pili.

Tahadhari moja: geji za enzi za vita zinaweza kuwa na namba zilizopakwa rangi ya radiamu ili ziwake gizani. Rangi huacha kuwaka baada ya miaka michache, lakini radiamu huchukua miaka 1,600 kupungua nusu tu. Hizo usizifungue kabisa.

Nyingine zote, ukizipata zikiwa nzima, nakuomba usizikate plagi. Tafuta plagi jike inayoingiana nayo, hata kama itakugharimu kuliko geji yenyewe, unganisha nyaya upande wako, andika kazi ya kila pini kwenye karatasi, uibandike mgongoni mwake.